Je, kuikoleza picha ya eksirei kunaisaidia modeli kutambua kifua kikuu?

"Nasoma shahada ya uzamili hapa Kampala. Mradi wangu ni modeli ya ujifunzaji wa kina inayopokea eksirei ya kifua na kusema kama ina dalili za kifua kikuu au haina. Picha za wagonjwa nilizipata katika hospitali moja. Nyingi ni filamu zilizopigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Picha za watu wasio na ugonjwa nilizipakua mtandaoni. Mwanzoni modeli ilikuwa sahihi kwa asilimia 91. Nilipopitisha picha zote kwenye CLAHE, mbinu ya kukoleza picha, ikapanda hadi 96. Tulipoijaribu kwa picha za kituo kimoja cha afya upande wa Mbale, ikaanguka hadi 71. Msimamizi wangu anasema picha za huko ni hafifu, niongeze nguvu ya uboreshaji. Rafiki yangu anasema nitumie programu za akili mnemba zinazosafisha picha zenye ukungu. Ni njia gani ya uboreshaji iliyo bora kuliko zote kwa eksirei?"

Ndugu yangu, kwanza nakushukuru kwa kuiandika hiyo 71. Wapo wanaoifungia kwenye droo na kupeleka 96 kwa watahini, na madhara yake huja kuonekana siku modeli inapowekwa mbele ya mgonjwa.

Ukiondoa majina ya mbinu, unachouliza ni hiki: modeli imefaulu nyumbani na kufeli ugenini, je, kuna namna ya kuitengeneza picha ili ifaulu kote? Hakuna njia moja iliyo bora kuliko zote kwa eksirei. Na kwa maelezo uliyonipa, sidhani kwamba uhafifu wa picha za Mbale ndio chanzo kikuu cha anguko hilo. Chanzo nakiona katika namna data ilivyokusanywa. Msimamizi wako ameona jambo la kweli, picha za huko huenda ni dhaifu kweli, lakini dawa aliyoipendekeza inaweza kuuficha ugonjwa badala ya kuutibu. Nitaeleza kwa nini, na itabidi tuanzie kwenye picha yenyewe.

Eksirei ni kivuli kilichopimwa. Miale inapopita kifuani, mfupa huinyonya kwa wingi, damu na maji kwa kiasi, hewa iliyo ndani ya mapafu kidogo sana. Kipokezi cha kidijitali huandika kiasi kilichofika kwa kila pikseli, mara nyingi kwa biti 12, yaani ngazi 4,096 kutoka nyeusi hadi nyeupe, na mashine nyingine huenda zaidi ya hapo. Faili ya DICOM inayotoka kwenye mashine ndiyo inayotunza ngazi hizo. Ikigeuzwa kuwa JPEG ya kawaida zinabaki 256. Filamu ikipigwa picha kwa simu, inaongezewa mng'ao wa taa na kivuli cha mpigaji. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na kukandamizwa tena. Kila hatua inachukua kitu, na kilichochukuliwa hakirudi. Mbinu za uboreshaji zinakipanga upya kile kilichobaki, basi.

Sasa CLAHE. Usawazishaji wa kawaida wa histogramu huhesabu pikseli zilizopo katika kila ngazi ya kijivu, kisha huzitandaza ngazi hizo zienee kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Udhaifu wake ni kwamba eneo kubwa la giza nje ya mwili linaamua jinsi mapafu yatakavyoonekana. CLAHE, ambayo algoriti yake inayotumika sana ilichapishwa na Karel Zuiderveld mwaka 1994, huigawa picha katika vigae, hufanya hesabu hiyo ndani ya kila kigae, na huweka kikomo ili eneo lenye rangi karibu moja lisikolezwe kupita kiasi. Kisha vigae huunganishwa taratibu ili mipaka yake isionekane. Kikomo hicho ndicho cha kuangalia. Katika maktaba ya OpenCV, usipotaja chochote, kikomo ni 40 na vigae ni 8 kwa 8. Mifano mingi ya kufundishia hutumia kikomo cha 2. Watu wawili wanaweza kuandika "tulitumia CLAHE" huku kila mmoja amefanya jambo lake. Kabla hujasoma zaidi, fungua msimbo wako uone umeweka ngapi.

Mbinu hizi zilitengenezwa ili kulisaidia jicho la binadamu mbele ya skrini. Jicho letu hutofautisha ngazi chache za kijivu kwa wakati mmoja, kwa hiyo tukikolezewa tunaona mishipa iliyokuwa imefichika nyuma ya moyo. Mtandao wa neva, yaani modeli kama yako, hauna shida hiyo. Kwake, tofauti ya ngazi tatu kati ya pikseli mbili ni namba, na namba inaweza kuzidishwa kwa uzito wowote ambao mafunzo yatauchagua. Ndiyo maana picha inayokupendeza wewe si lazima iwe picha inayoinufaisha modeli. Badiliko rahisi linaloshughulikia kila ngazi kwa namna ileile kote kwenye picha, kama gama (kuifanya picha yote iwe nyeusi au nyeupe zaidi), mtandao wenye data ya kutosha unaweza kujifunza wenyewe.

Mbona basi tafiti kadhaa zimeona faida? Kwa sababu data ya kutosha ndiyo tusiyokuwa nayo. Karibu kila mtu huanza na mtandao uliokwisha kufunzwa kwa picha za kila siku za mkusanyiko wa ImageNet, za wanyama, magari, vyombo vya nyumbani, kisha anaurekebisha kwa eksirei mia chache au elfu chache. Mtandao wa namna hiyo umezoea kingo zilizo wazi, na eksirei iliyokolezwa kidogo inakaribia zaidi kile ulichokizoea. Faida ya pili, ambayo mimi naithamini zaidi, ni kupunguza tofauti kati ya mashine: moja hutoa picha nyeusi, nyingine nyeupe, na usawazishaji wa wastani huzisogeza karibu.

Lakini kuna gharama. Ukiongeza sauti ya redio yenye mikwaruzo, mikwaruzo nayo inapanda. Picha iliyopigwa kwa miale kidogo ina chembechembe za asili, kwa sababu miale iliyofika kwenye kipokezi ni michache, na CLAHE yenye kikomo kikubwa huzikoleza hadi pafu safi lionekane limejaa vidoa. Fikiria sasa kifua kikuu kilichosambaa mwilini kupitia damu, ambacho kwenye eksirei huonekana kama vidoa vya milimita 1 hadi 3 vilivyotapakaa mapafu yote mawili. Umeikoleza kelele ikafanana na ugonjwa uleule unaoutafuta. Kwa picha zilizopita WhatsApp kuna la ziada: JPEG hukandamiza kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ukikoleza sana mipaka ya vipande hivyo inajitokeza kama wavu. Tena, kuna magonjwa yanayosomwa kwa weupe wa upande mzima, kama maji mengi yaliyojaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ukisawazisha kila kigae peke yake, tofauti ya upande na upande inapungua, na dalili inapungua nayo.

Hapa ndipo 71 inapoanza kueleweka. Wagonjwa wako wametoka njia moja: filamu, simu, WhatsApp. Wasio wagonjwa wametoka njia nyingine: mashine za kidijitali za nchi nyingine, faili safi. Ukimpa mtu mwerevu picha hizo bila kumfundisha chochote kuhusu mapafu, atagundua haraka kwamba zenye mng'ao wa taa na ukingo wa filamu ni "kifua kikuu" na zilizo safi ni "salama". Modeli inafanya hivyohivyo, nayo haikudanganyi: uliiomba itenganishe mafungu mawili, ikatafuta njia rahisi kuliko zote. Ulipopitisha CLAHE, ukingo wa filamu, herufi za pembeni na wavu wa JPEG vilikolezwa pamoja na mapafu. Inawezekana kabisa kwamba kupanda kutoka 91 hadi 96 ni modeli kuzidi kuitambua simu. Kule Mbale picha zote, za wagonjwa na wasio wagonjwa, zimepita njia moja. Njia ya mkato haipo, na 71 ndiyo inayokaribia uwezo wake halisi.

Haya yamekwisha kutokea kwa watu wenye fedha na vifaa kutuzidi. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya Marekani iliyoonyesha kwamba modeli ya nimonia iliweza kutambua picha imetoka hospitali ipi, na ilifanya vibaya zaidi ilipopelekwa kwingine. Wakati wa COVID-19 baadhi ya watafiti walichanganya wagonjwa watu wazima na picha za watoto wa mwaka 1 hadi 5 kutoka Guangzhou, zikiwa ndizo mfano wa wasio na COVID. Modeli ikajifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima. Mapitio makubwa ya mwaka 2021 yalichambua tafiti 62 za COVID-19 zilizotumia eksirei na CT, na hayakupata hata modeli moja iliyofaa kutumiwa hospitalini.

Kuna jaribio rahisi ambalo ningekuomba ulifanye wiki hii, kabla ya kugusa kigezo chochote cha uboreshaji. Chukua picha zako zote, funika eneo la mapafu kwa kisanduku cheusi, funza modeli upya, uipime. Isiyoona mapafu haipaswi kujua nani ana kifua kikuu. Ikikupa asilimia 85 au 90, umepata jibu lako, na hakuna CLAHE itakayoliondoa.

Tatizo la pili ni dogo kulisema ila ni kubwa kwa athari: ukubwa wa picha. Kaseti, yaani bamba linalopokea miale, ya kifua cha mtu mzima huwa na sentimita 35 kwa 43. Ukiibana hadi pikseli 224 kwa 224, kama mitandao mingi ya kuanzia inavyotaka, kila pikseli inabeba takriban milimita 1.6 upande mmoja na 1.9 upande mwingine. Kidoa cha milimita 2 kimebaki takriban pikseli moja. Watu wanahangaika na gama na CLAHE ilhali walikwisha kuutupa ugonjwa katika mstari mmoja wa msimbo wa kupunguza ukubwa. Ukienda 512, kila pikseli inashuka chini ya milimita moja. Kama kompyuta yako inaruhusu, jaribu hilo kwanza. Kwa uzoefu wangu huleta faida ya kweli mara nyingi zaidi kuliko mbinu zote za kukoleza.

Na hizo asilimia zenyewe, je, umezipima kwa picha ngapi? Hukusema. Kama picha za mtihani zilikuwa 100, tofauti ya 91 na 96 ni picha tano tu, na ukichagua picha 100 nyingine jibu linaweza kugeuka. Rudia mafunzo mara kadhaa, kila mara ukianza na namba nyingine za kubahatisha, uone kama CLAHE inashinda kila mara au ilibahatika siku moja. Kwa kulinganisha modeli mbili kwenye picha zilezile, kipimo cha takwimu cha McNemar kinatosha na ni rahisi. Hakikisha pia kwamba umegawa data kwa mgonjwa, si kwa picha. Mgonjwa mwenye eksirei tatu asiwe na mbili kwenye mafunzo na moja kwenye mtihani. Kama ulizigeuzageuza picha ili kuziongeza, fanya hivyo baada ya kugawa, kamwe si kabla.

Sasa nikupimie njia zilizopo, kwa mpangilio ambao mimi ningeufuata.

Anza na asili ya faili. Iombe hospitali DICOM pale zilipo. Ukizisoma, angalia alama inayosema kama picha ni MONOCHROME1 au MONOCHROME2: ya kwanza huhifadhi namba kinyume, na usipozigeuza utachanganya mapafu meusi na mapafu meupe kwenye fungu moja. Unapopunguza ngazi kwenda 256, usitumie thamani ndogo na kubwa kabisa za picha, kwa sababu herufi ya madini ya risasi inayoonyesha kulia au kushoto ni nyeupe sana na itayabana mapafu kwenye kona ndogo ya ngazi. Kata asilimia moja ya chini na moja ya juu. Hatua hii isiyo na jina la kupendeza huondoa sehemu kubwa ya uhafifu ambao watu hukimbilia kuutibu kwa CLAHE.

Pili, kata picha ibaki sehemu ya mapafu na pembezoni kidogo. Ukingo wa filamu, majina na herufi vitoke. Usikate kwa kubana mno, maana tezi za limfu katikati ya kifua na kona za chini karibu na kiwambo zina habari muhimu.

Baada ya hapo ndipo CLAHE nyepesi ina nafasi yake: kikomo 1.5 hadi 2, ukiifanya kwenye picha ya biti 16 kabla ya kuishusha, kwa picha zote bila kubagua, na mipangilio ikiandikwa kwenye tasnifu. Usikubali kukoleza picha za Mbale peke yake kwa nguvu zaidi. Hapo utakuwa umetengeneza alama mpya ya mahali. Ningependelea hata zaidi uitumie gama na CLAHE kwa kubahatisha wakati wa mafunzo, picha hii ikiwa nyeusi kidogo, ile ikiwa nyeupe kidogo, nyingine ikiachwa ilivyo, ili modeli izoee kutoutegemea mwanga. Kwa tatizo la ugenini, kuizoesha modeli tofauti kuna mantiki kuliko kuzifuta tofauti hizo.

Kwa filamu zilizopigwa kwa simu, kusahihisha mwanga usio sawa na kunyoosha picha iliyopigwa kwa mshazari ni kazi halali. Bora zaidi ni kuzipiga upya: filamu kwenye boksi la mwanga, taa ya chumba imezimwa, fleshi imezimwa, simu ikitazamana na filamu bila kuinama. Zitume kama faili, si kama picha ya kawaida.

Ushauri wa rafiki yako siukubali, na ninausema kwa uzito. Programu za kuzalisha picha hujaza palipopotea kwa kukisia kutokana na picha nyingine zilizowahi kuziona. Kwenye picha ya harusi ni sawa. Kwenye eksirei, zinaweza kulainisha kidoa kidogo kikatoweka, au kuchora mshipa usiokuwepo, na picha itakayotoka itapendeza kiasi kwamba hakuna atakayeishuku. Usiziweke kati ya mgonjwa na uamuzi.

Hata ukifanya haya yote, bado utahitaji picha za wasio wagonjwa kutoka hapahapa Uganda, zilizopita mashine na njia ileile ya wagonjwa wako. Kila kituo kichangie pande zote mbili. Picha za mtandaoni zinafaa kwa mafunzo ya awali, ila soma lebo zake zilivyopatikana. Katika mkusanyiko wa ChestX-ray14 wenye picha 112,120, lebo zilichotwa na programu kutoka kwenye ripoti za madaktari, kwa hiyo "hakuna tatizo" haina maana kwamba mtu aliithibitisha picha ile. Kumbuka pia kwamba nchi yetu ina mzigo mkubwa wa kifua kikuu pamoja na VVU. Kinga ya mwili ikishuka sana, mashimo ya juu ya pafu yanayoonyeshwa kwenye vitabu hupungua. Unaona tezi zilizovimba, madoa ya chini, au eksirei iliyo karibu ya kawaida. Modeli iliyofunzwa kwa wagonjwa wasio na VVU inaweza kuwakosa hao, na wao ndio wasioweza kusubiri. Ripoti modeli imewanasa wagonjwa wangapi na imewasumbua bure wasio wagonjwa wangapi. Namba moja ya usahihi haitoshi kuonyesha hilo.

Kama lengo lako ni kusaidia kituo sasa hivi kuliko kuandika tasnifu, jua kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta za kusoma eksirei kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Hizo nazo hurekebishiwa kizingiti, yaani alama ambayo juu yake mtu hutiliwa shaka, kulingana na mahali, na anayetiliwa shaka hupimwa makohozi, kwa mfano kwa mashine ya GeneXpert. Modeli yako, hata ikifika 96 ya kweli, ifuate njia hiyohiyo.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Chukua picha kama hamsini, kila moja ikiwa na nakala yake iliyokolezwa, uende ukae na daktari wa radiolojia, Hospitali ya Mulago au popote utakapompata. Mwonyeshe bila kumwambia ipi ni ipi, umwulize angeandika nini kwenye ripoti. Akianza kuona ugonjwa kwenye nakala za watu wasio na ugonjwa, kikomo chako ni kikubwa mno. Mtafute mpiga eksirei wa kile kituo cha Mbale, umwulize mashine ni ipi na miale imewekwa kiasi gani. Huenda uhafifu wa picha unatokana na mipangilio, na ukirekebishwa pale utawafaa wagonjwa wote, si modeli yako tu. Kuhusu ruhusa, usisubiri: picha zilizopita WhatsApp zikiwa na majina ya watu pembeni zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Nenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako kabla ya kukusanya nyingine, uwaeleze zilivyokufikia hizi ulizonazo, na ufute majina hayo leo.

Kwa msimamizi wako, nenda na matokeo ya kisanduku cheusi mkononi. Mpelekee namba mbili, ya modeli inayoona mapafu na ya isiyoyaona, pamoja na ile 71, kisha mzungumze upya mpango wa data kabla ya kugusa CLAHE tena.